Msokoto Uliokwenda Kushoto

Siku ile tulikuwa watu sita karakanani. Fundi mkuu, mzee wa Unguja ambaye alikuwa akikunja chuma na alumini Dubai tangu mimi niko chekechea. Supavaiza, Mhindi wa Kerala, na kikombe chake cha chai. Mpaka rangi, mwanamke wa Kampala. Mlinzi wa geti, naye Mganda, ambaye hakuwa na shughuli ndani bali feni tu. Mwalimu wa baiolojia kutoka shule iliyoagiza ile kazi, tuliyemwita madam kama tunavyowaita wateja wanawake wote. Na mimi. Arbab, yaani tajiri mwenye karakana, hakuwapo. Arbab huja siku ya mwisho, kazi ikishang'aa.

Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja wao aliisimulia siku ile kwa namna yake. Mimi peke yangu sikuisimulia.

Karakana yetu iko Al Quoz, katikati ya ghala la matairi na ghala la vigae. Tunatengeneza vitu ambavyo watu huviona madukani na mashuleni wasiulize vimetoka wapi: koni ya aiskrimu ndefu kuliko mtu, ngamia wa plastiki ngumu, herufi za kupigia picha. Mwezi ule tuliagizwa DNA. Mita nne na nusu kwenda juu, isimame kwenye ukumbi wa kuingilia shule, watoto waipite asubuhi na mchana.

Mimi nilitoka shuleni darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia, mama akafuata, na nyuma yangu walikuwa watatu. Siku ya mazishi ya mama niliwekwa kuhesabu viti vya kukodi, na nilipomaliza kuvihesabu nikavihesabu tena. Tangu siku ile kuna sehemu yangu imelala ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, isipokuwa mguu huzinduka. Sisemi hivi nihurumiwe. Ganzi imenisaidia. Nimefanya kazi miaka saba Al Quoz bila kukosa siku, na wale watatu wamesoma.

Kwa hiyo DNA nilifundishwa na mdogo wetu wa mwisho, akiwa kidato cha nne huko nyumbani Voi. Nilimpigia picha michoro ya shule, naye akanirudishia sauti kwenye simu, nikamsikiliza ndani ya basi la kampuni.

"Kaka, ni ngazi iliyosokotwa," alisema. "Nguzo mbili, katikati vipandio. Kila kipandio ni vipande viwili vimeshikana, na kuna herufi nne tu. A hushikana na T, C hushikana na G. Hazibadilishani. Ukipewa upande mmoja, ule wa pili unaujua bila kuuona."

Nikamuuliza kuhusu mishale. Kwenye mchoro nguzo moja ilikuwa na mishale inayopanda, nyingine inayoshuka.

"Zinalala mzungu wa nne," akasema, akacheka. "Kama sisi."

Ni kweli. Baada ya mama tulilala wanne kitanda kimoja, wawili kichwa huku, wawili kichwa kule, na miguu ya huyu mdogo ilikuwa kifuani mwangu. Nilimwelewa mara moja. Nguzo moja ina kichwa pale ambapo mwenzake ana miguu. Hadi leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Sehemu ya chini ya umbo letu ilikuwa ngazi iliyofungwa. Juu ilifunguka, vipandio vikaachana katikati, na kila nguzo ikaenda upande wake na kupata mwenzi mpya. Ndivyo inavyojinakili, mdogo wangu alisema, kila seli inapotaka kugawanyika. Haijengi ngazi mpya kando na kuiacha ile ya zamani kama ilivyo. Inajifungua. Kila nusu ya zamani inabaki, na herufi zake zinaita wenzi wao mmoja mmoja, A inaita T, C inaita G, mpaka panakuwa na ngazi mbili mahali pa moja. Kila ngazi ina nguzo moja ya zamani na moja mpya.

Mpaka rangi wetu hilo hakulijua. Alipaka ngazi yote ya kulia buluu iliyoiva, rangi ya zamani, na ya kushoto yote nyeupe, rangi ya mpya. Nilipotuma picha, mdogo wangu akajibu haraka: siyo hivyo, kaka, zamani na mpya zichanganyike pande zote mbili.

Nikamwambia yule mama. Akaweka brashi chini.

"Banange! Wewe wa darasa la saba unanifundisha mimi?"

"Si mimi. Ni mdogo wangu."

"Na mdogo wako ananilipa mshahara?"

"Paka tu, mama," mzee wa Unguja akasema kutoka kwenye benchi lake. "Mtoto kasema. Mtoto hana haja ya kukudanganya."

"Na hii ngazi yenu inakwenda wapi, mzee?"

"Kwa Mola. Wewe usiipande, rangi haijakauka."

Akapaka upya, akinuna na kuimba. Nasimulia hili kwa sababu lilikuwa kosa, na nililisema saa ileile, mbele ya watu, bila kusita. Halikuwa langu.

Sasa lile langu.

Ili kupata msokoto tulitumia pipa la chuma. Shule ilituletea mchoro uliochapwa kwenye plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, mistari miwili ya mshazari. Unaizungusha plastiki kwenye pipa, mistari inapanda ikizunguka, fundi anagonga alama juu ya mistari kwa nyundo na msumari wa ncha, kisha bomba la alumini linakunjwa kufuata zile alama. Vipande vyote vilipita pipa hilohilo, vya chini na vya juu.

Mzee aliizungusha plastiki mwenyewe asubuhi, akaipima, akaibandika kwa gundi ya karatasi. Adhuhuri ilipofika akaenda kuswali. Mimi si wa msikiti, nikabaki. Ilikuwa Agosti. Jasho lilikuwa likinitiririka mikononi, na nilipoligusa pipa kulisogeza kwenye kivuli, wino wa mstari mmoja ukaanza kutoka.

Kwenye mabango ya vioo vya maduka sisi hubandika upande wa wino ndani, ili wapita njia wasiukwangue. Lakini plastiki za vioo huchapwa kinyume tangu mwanzo, makusudi; hii ya shule haikuchapwa hivyo. Mkono wangu umebandika mamia ya zile. Nikaibandua plastiki ya mzee, nikaigeuza wino ndani, nikaizungusha tena, nikaibandika vizuri kuliko mwanzo. Mistari ilionekana vilevile. Kwenye pembe kulikuwa na herufi ndogo zilizozidi ukingo wa pipa. Nikazikata kwa wembe, kazi iwe safi.

Mzee akarudi, mikono ya shati bado imekunjwa, uso una maji.

"Umelilinda pipa langu?"

"Nimelilinda, mzee."

"Mungu akuweke, mwanangu." Akainama, akaanza kugonga.

Sikumwambia nimeibandua. Wakati ule halikuwa jambo la kuficha. Halikuwa jambo kabisa, kama mtu asivyosema amehamisha ufagio.

Wiki mbili baadaye ngazi ilikuwa imesimama, vipandio vyote mahali pake, nyekundu kwa njano, buluu kwa kijani, nami nimevifunga kimoja kimoja nikifuata orodha. Madam wa shule akaja kukagua, na hiyo ndiyo siku ile ya watu sita. Aliizunguka mara mbili. Kisha akainua mkono wake wa kulia, dole gumba juu, vidole vimekunjwa, kama mtu anayeomba lifti, akaulinganisha na ngazi.

"Inazunguka kinyume," akasema. "Ya kweli inapanda kwa mkono wa kulia. Hii ni ya kushoto."

Supavaiza hakuona tatizo. "Madam, hakuna shida. Tutaigeuza juu chini."

"Juu ndiko inakofunguka," madam akasema.

"Nayo ifungukie chini. Vijana, shikeni!"

Mzee wa Unguja hakusogea. Alikuwa ameshatia mkono mfukoni akatoa boliti, akaishika mbele ya macho ya supavaiza, akaisimamisha kwa kichwa, kisha akaipindua.

"Tazama hesi zake, hii mistari inayozunguka. Zinapanda kulia. Sasa nimeigeuza. Bado kulia. Hata ukaitupe baharini, itazama ikiwa ya kulia." Akaitazama ngazi. "Hii yetu ni kama nati ya mtungi wa gesi. Imekatwa kinyume. Haigeuziki."

"Tuweke kioo mbele yake," mpaka rangi akasema. "Watoto waangalie kwenye kioo."

Mlinzi akacheka. Hata madam alitabasamu, akatueleza kwa upole kwamba ya kushoto ipo pia, lakini ni nadra na umbo lake ni jingine, siyo hii ya vitabuni. Akasema watoto watalipita umbo hili miaka mingi, na jicho hujifunza bila kuambiwa. Hakuwa na hasira. Alitaka tu iwe sawa.

Supavaiza ndiye aliyekuwa na hasira. Siku nne zilikuwa zimebaki. "Nani aliweka alama kwenye pipa?"

"Mimi," mzee akasema.

"Uliizungusha plastiki wewe?"

"Kwa mikono yangu hii hii. Niliipima mara mbili." Akaitazama mikono. "Niliiona sawa. Wallahi niliiona sawa."

Pale ndipo nilipojua. Niliyaona mawili kwa pamoja, wino ndani na mistari ikiinama upande mwingine, kama mtu anapowashiwa taa. Na nikatazama mikono ya mzee, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiitazama.

Ningependa kusema niliwafikiria wadogo zangu, visa yangu, mtihani wa yule wa mwisho uliokuwa umekaribia. Sikuwafikiria. Nilifikiria kopo la gundi, kwamba nimeacha mfuniko wazi na itakauka. Nikaenda kulifunika. Niliporudi walikuwa tayari wanazungumzia mabomba mapya.

Tuliirudia kwa siku tatu. Mzee alifanya kazi kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya watu gizani. Aliizungusha plastiki mpya, akaitoa, akaizungusha tena.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Wino uko nje?"

"Uko nje, mzee."

"Una hakika? Tazama vizuri. Mimi sijiamini."

"Uko nje."

Aliniuliza hivyo kwa kila kipande. Alichukua boliti yake akailaza kando ya alama, akalinganisha, akaniita nilinganishe na mimi. Nilimjibu kila mara. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

Mdogo wangu alinitumia ujumbe mwingine wa sauti siku hizo, maana nilikuwa nimemuuliza itakuwaje herufi ikiingia vibaya wakati ngazi inajinakili. Akasema makosa hutokea, lakini kile kinachojenga nguzo mpya hujikagua palepale, kikiweka herufi isiyofaa hurudi hatua moja, huing'oa na kuweka nyingine. Na kuna wengine wanaopita nyuma kukagua tena. "Ila lisipoonekana mapema, kaka, basi. Ikijinakili mara nyingine, kosa linakuwa na mwenzi wake halali. Hapo hakuna wa kujua kwamba lilikuwa kosa."

Niliusikiliza mara moja, nikaufuta nipate nafasi kwenye simu.

Ngazi ya pili ilikuwa sahihi. Arbab alikuja, akapiga picha mbele yake, akampongeza kila mtu. Mkataba wa mzee ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na alikuwa amekwisha kuomba mmoja wa mwisho, miaka miwili. Arbab alimwita ofisini, nami nilikuwa mlangoni nimebeba ngazi ya kukunja.

"Baba, umechoka," arbab akamwambia, na alisema kwa heshima. "Kapumzike kwa watoto wako. Khalas."

Mzee angeweza kubishana. Watu humbishia arbab, na mara nyingine hushinda. Yeye akasema, "Kweli, arbab. Macho yameniondoka. Nisije nikamwangushia mtu chuma."

Kambini tunakolala aliwagawia watu vifaa vyake. Msumeno mdogo kwa huyu, rula ya chuma kwa yule. Mimi alinipa nyundo ya kugongea alama. Nikasema ahsante. Siku ya kuondoka nilimbebea begi mpaka kwenye teksi, akanishika bega. "Wewe una mkono mtulivu," akasema. "Usije ukauharibu kwa haraka." Teksi ikaenda. Nikarudi kufua nguo za kazi.

Siku ya nane baada ya hapo nilimwendea supavaiza na kumwambia kwamba plastiki niliigeuza mimi. Aliacha kunywa chai.

"Sasa ndiyo unasema?"

"Sasa."

"Visa yake imefutwa. Nikamwambie nini arbab? Amrudishe yeye au akutoe wewe?" Akaweka kikombe mezani. "Khalas. Funga mdomo. Kazi ni sahihi, shule imefurahi. Yalla, kuna ngamia anasubiri miguu."

Nikamfunga ngamia miguu. Nilidhani limekwisha, au angalau kwamba limekwenda mahali ambapo mimi siwezi kulifikia.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Deira kutuma boksi nyumbani, viatu na vitabu, yule wa mwisho akiwa amemaliza mtihani. Wakala wa mizigo tunayemtumia ni mpwa wa yule mzee, Mzanzibari aliyezaliwa na kukulia hapa. Alinijua kwa karakana.

"Wewe ulifanya kazi na mjomba! Basi hebu niambie, huko mlimfanya nini?" Alikuwa akifunga boksi langu kwa utepe, akicheka nusu. "Kaleta kituko kizima nyumbani. Mlango wa msikiti umelegea bawaba, imamu kamwita, kakataa. Jirani kamletea dirisha, kakataa. Ati mikono yake inageuza vitu. Asubuhi anamwuliza mkewe kama vifungo vya shati kavifunga sawa. Mjomba! Aliyekuwa akikunja chuma kwa jicho!"

"Haumwi?"

"Daktari kamtazama macho. Mazima. Kichwa kizima. Kakaa tu barazani, mikono mapajani. Mkewe anasema afadhali angekuwa anaumwa, tungejua dawa."

Nikamshikia ncha ya utepe aendelee kufunga. Wateja wawili walikuwa nyuma yangu. Yeye akadhani nimehuzunika, na kwa wema wake akatoa simu. "Ngoja nikupigie, umsalimie. Atafurahi."

Simu iliita mara chache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Sauti yako naijua. Wadogo zako hawajambo? Yule wa mtihani?"

"Hajambo. Amemaliza."

"Alhamdulillahi. Huyo mtoto ana akili. Yeye angeona kosa langu kabla ya madam."

"Mzee, ile plastiki—"

"Ah, usinikumbushe. Aibu yangu ile." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja umri wake. "Namshukuru Mungu jambo moja tu, sikukuharibia wewe kazi. Maana tulikuwa wawili pale, wangeweza kusema ni wewe."

Mpwa wake alikuwa akiniangalia. Mtu nyuma yangu akaweka boksi lake juu ya mizani.

"Mzee, tutaongea, inshallah," nikasema.

"Inshallah, mwanangu. Nisalimie mama wa rangi."

Nikarudisha simu, nikaandika anwani ya nyumbani kwenye boksi, nikasaini. Mpwa akaninakilia namba ya mjomba wake nyuma ya risiti.

Nimempigia mara tatu tangu siku hiyo. Kila mara nimepanga maneno mapema, na si mengi, ni kwamba yeye aliizungusha sawa na mimi niliigeuza, na mikono yake haina kasoro. Nadhani ndiyo tu anayohitaji ili ainuke pale barazani. Siogopi atakavyonijibu, hata akilia au kunilaani. Naanza na salamu, naye anazipokea vizuri sana, anawauliza wadogo zangu mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na tukifika kwa wa mwisho naona nimeshaaga.

Jumapili iliyopita aliniuliza kama joto la huko limepungua. Nikamwambia limepungua. Akaniambia kwao mvua imevuja juu ya kitanda, bati moja limeachia msumari, na kwamba anamsubiri fundi, fundi hajaja. Nikamuuliza ni bati la upande gani. Akanieleza. Nikasema pole, mzee. Yale maneno niliyompangia bado ninayo mimi.